Somo la Mawe na Mizani: Chuma cha Ufipa



Msimu uliopita, fedha za karafuu zilipokuwa bado mbichi mikononi mwa watu, mzee mmoja wa huku shamba alinijia nyumbani alasiri na mfuko wa turubai begani. Aliutua barazani kwa kishindo. "Mwalimu," alisema, "wewe si ulikaa Sumbawanga? Hebu nitazamie haya."

Ndani ya mfuko mlikuwa na mawe ya namna mbili. Machache yaling'aa kwa umanjano kama shaba iliyosuguliwa. Mengi yalikuwa mekundu ya kiza, hayana sura, kama tofali lililoungua. Mtu aliyetoka bara alikuwa amemwambia kuwa yale ya kung'aa ni dhahabu ya Ufipa, na mekundu ni udongo wake tu uliotiwa kujaza mfuko. Mzee alikwisha kutoa nusu ya bei. Nusu ya pili ilikuwa ilipwe kesho yake asubuhi.

Kweli nilikaa Sumbawanga miaka kadhaa nikifundisha kemia, na mawe mekundu ya namna ile niliyajua tangu nilipoyaona barazani. Lakini sikutaka mzee anisadiki kwa ajili ya ualimu wangu. Nilitaka mawe yaseme yenyewe. Tulikaa mpaka usiku, na yale tuliyoyafanya ndiyo somo la leo. Nayaandika kwa wanachama ambao huenda siku moja wakaletewa mfuko kama ule, na kwa watoto wao walioko skuli, maana hesabu zake ni hizo hizo zinazowatoa jasho katika mitihani.

Vyombo vyetu vilikuwa hivi: mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu, bakuli la maji, uzi, kisu cha chuma, kipande cha kigae cha sakafu, nyundo, na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Havikutugharimu hata senti moja.

Tulianza na jiwe la kung'aa. Kwanza tulilikwaruza kwa kisu. Kisu hakikuacha alama. Sasa yafaa ijulikane kuwa ugumu wa mawe una daraja zake, zilizopangwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, tangu 1 mpaka 10. Ukucha wa mtu ni kama 2 na nusu, kisu cha kawaida kama 5 na nusu, na almasi ni 10. Dhahabu haipiti 3, kwa hivyo kisu huikata. Jiwe linaloshinda kisu si dhahabu, hata ling'ae namna gani.

Pili, tulilisugua juu ya mgongo wa kigae, upande ule mkavu usiopakwa rangi ya kung'aa. Watu wengi hutazama rangi ya jiwe lenyewe, nayo hudanganya sana, maana jua, mvua na kutu huibadilisha. Rangi ya unga wake haibadiliki hivyo. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Jiwe la mzee liliacha mstari mweusi wenye ukijani kidogo. Mzee alikitwaa kigae akakisogeza kwenye taa, akakitazama kwa muda mrefu, wala hakusema neno.

Tatu ni nyundo. Dhahabu ukiigonga hulala ikawa bapa. Kipande chetu kilivunjika kikawa chenga. (Mwenye kujaribu haya na afunike jiwe kwa kitambaa, maana chenga zake zaruka machoni.)

Nne ni mizani, nayo ndiyo ningependa kila mtu aijue. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa mwanzo wake. Sote twajua kuwa karafuu njema ukiitia majini huzama, au husimama wima kichwa juu. Na ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala ubavu juu ya maji. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi yakitoka, karafuu hupungukiwa na uzito ingawa ukubwa wake umebaki ule ule. Ndiyo habari yote. Vitu viwili vyaweza kuwa na umbo moja na sura moja, lakini uzito wa kila sehemu ya umbo lile ukasema vingine.

Kwa jiwe hufanywa hivi. Lipime kavu, uandike gramu zake. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, urudishe mizani kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi, ulishushe majini mpaka lizame lote, lakini lisiguse chini wala ubavuni, ulishikilie hapo. Mizani itaonyesha namba. Namba hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa gramu 1 ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hiyo ndiyo ukubwa wa jiwe lako. Gawa uzito kwa ukubwa.

Jiwe la mzee lilikuwa na gramu 150. Bakuli lilionyesha 30. Basi 150 gawa kwa 30 ni 5. Dhahabu safi ni 19.3. Dhahabu ya ukubwa ule ingekuwa na gramu 579, karibu mara nne ya uzito wa kile tulichokishika. Hapo hapana tena la kubishana.

Lilikuwa ni pairiti, nayo ni chuma kilichoungana na salfa, yaani kile kiberiti cha unga. Alama yake ni FeS2. Chuma huhesabiwa 56 na salfa 32, salfa ni mbili, basi 64, jumla 120. Zaidi ya nusu ya jiwe lile ni salfa tupu. Hata kwa kutengenezea chuma halipendwi, kwa sababu salfa huharibu chuma kikawa cha kuvunjika. Tena asijaribu mtu kulichoma ndani ya nyumba. Moshi wake hukaba kifua.

Mzee aliuliza, "Na haya mengine? Niyatupe?"

Nikamwambia asiyatupe, maana kama mfuko ule ulikuwa na kitu cha Ufipa kweli, basi ndicho kile alichoambiwa ni takataka.

Uwanda wa Ufipa uko juu baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Ni nchi ya majani na baridi, ambayo mtu wa visiwani huikumbuka kwa blanketi. Ukitembea huko vijijini utakuta vifusi vya mavi ya chuma, meusi, yenye mikunjo kama nta iliyomwagika, na pengine magofu ya tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, nyingine zakaribia mita 3. Wafipa huziita malungu, na moja ni ilungu. Hazikupulizwa kwa mivukuto. Zilijengwa ndefu kusudi moto uvute hewa wenyewe kwa matundu ya chini, kama dohani ivutavyo. Ndani zilijazwa makaa ya miti na mtapo wa chuma, zikaachwa ziwake kwa siku kadhaa. Kilichopatikana kilipelekwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, nayo hiyo ilipulizwa kwa mivukuto, kisha kikaenda kwa mfua chuma kikawa jembe. Majembe ya Ufipa yalilima, na yalitolewa mahari. Kazi hii ilififia katika zama za ukoloni, chuma cha nje kilipokuja kwa wingi na kwa bei ndogo. R. C. Greig aliiandika mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, R. Wise akaiandika tena humo mwaka 1958, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mtaalamu wetu wa mambo ya kale, akaichunguza kwa kuchimba na kupima.

Mtapo wenyewe ndio mawe kama yale mekundu ya mzee. Tuliyajaribu kama tulivyojaribu lile la kwanza. Kisu kilishindwa au kilikwaruza kwa shida. Sumaku haikuyavuta, kama yangekuwa ni magnetiti, ambayo pia ni jiwe la chuma lakini unga wake ni mweusi, yangeirukia. Kwenye kigae yaliacha mstari mwekundu kama damu iliyokauka. Hiyo ni hematiti, na jina lake latokana na neno la Kigiriki la damu. Alama yake ni Fe2O3, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanza kuikimbia kemia, kwa sababu ya neno moli. Lakini neno hili si la kutisha. Ukiwa na korja ya nazi na korja ya malimau, hesabu ni moja, ishirini kwa ishirini, lakini uzito ni mbali. Moli nayo ni korja ya chembe. Ni kubwa mno tu. Korja ya chuma ina gramu 56, ya oksijeni 16, ya kaboni 12, ya silikoni 28. Basi.

Hematiti ina chuma mbili, yaani 112, na oksijeni tatu, yaani 48. Jumla 160. Katika kila gramu 160 za hematiti safi mna chuma gramu 112, ambayo ni asilimia 70. Kazi ya tanuri ni kuiondoa ile oksijeni. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo ina njaa ya oksijeni, huinyang'anya kwenye jiwe:

Fe2O3 + 3CO = 2Fe + 3CO2

Gesi hiyo ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumba kimefungwa. Hainusiki wala haionekani. Katika ilungu ilikuwa mfanyakazi. Chumbani ni muuaji.

Mwanafunzi akiulizwa makaa kiasi gani yatakiwa, ataona kuwa CO tatu zataka kaboni tatu, yaani gramu 36 kwa kila gramu 160 za hematiti. Jibu hilo ni sahihi katika karatasi. Katika tanuri makaa yaliyotumika ni mengi kupita hayo mara nyingi, maana sehemu kubwa yaungua kwa kuleta joto tu. Mwalimu asiyewaambia watoto jambo hili huwafanya wadhani kuwa mafundi wa zamani walikuwa wapotevu.

Sasa tufike kwenye shina la somo. Jiwe la porini si hematiti tupu. Lina mchanga ndani yake, yaani kwatsi, SiO2, kama vile gunia la karafuu lisilochambuliwa lina makonyo. Tofauti ni kuwa makonyo hupunguza tu uzito wa karafuu, lakini mchanga ndani ya moto hula chuma. Huungana nacho ukawa yale mavi ya chuma niliyoyataja, 2FeO.SiO2. Mchanga mmoja ni 28 na 32, jumla 60. Nao hushika chuma mbili, 112. Kwa hivyo kila gramu 60 za mchanga zaweza kuondoka na gramu 112 za chuma, karibu mara mbili ya uzito wake wenyewe.

Katika mfuko wa mzee nilichagua mawe mawili ambayo kwa macho ni ndugu. Yote mawili yalisukuma maji gramu 50. La kwanza lilikuwa na gramu 210, la pili 230. Nilimpa mzee moja mkono huu na moja mkono huu, akasema ni mamoja. Na gramu 20 ni kitu gani? Ni kama vijiko vinne vidogo vya maji.

Tuhesabu. Hematiti ni 5.2 kwa kila sentimita ya ujazo, na mchanga tuchukue 2.6. Lau jiwe zima lingekuwa mchanga, uzito wake ungekuwa 50 mara 2.6, yaani 130. Jiwe la kwanza lina 210, basi limezidi 80. Kila sentimita moja ya mchanga ukiitoa ukatia hematiti mahali pake, uzito huongezeka 2.6. Gawa 80 kwa 2.6, wapata 30.8. Hizo ndizo sentimita za hematiti, na uzito wake ni mara 5.2, yaani gramu 160. Zilizobaki, gramu 50, ni mchanga.

Hematiti gramu 160 ina chuma gramu 112. Mchanga gramu 50 hula 50 mara 112 gawa kwa 60, yaani gramu 93. Kinachobaki ni gramu 19 za chuma.

Jiwe la pili lina 230, basi limezidi 100. Gawa kwa 2.6, wapata 38.5, mara 5.2 ni gramu 200 za hematiti. Mchanga ni gramu 30. Chuma kilichomo ni asilimia 70 ya 200, yaani 140. Mchanga hula 56. Kinachobaki ni gramu 84.

Tazama basi. Mawe mawili sawa kwa ukubwa, sawa kwa rangi, yamepitana gramu 20 tu, na moja latoa chuma zaidi ya mara nne ya mwenzake. Mwenye kujaza ilungu kwa mawe ya namna ya kwanza angekata miti ile ile, angechoma makaa yale yale, angekesha siku zile zile, akafungua tanuri akakuta mavi matupu na vijipande vya kutengenezea visu viwili vitatu. Wafipa hawakuwa na mizani ya gramu wala hawakuandika Fe2O3, lakini walikuwa na watu waliojua mtapo kwa kuushika mkononi. Mimi nilishindwa kuyatofautisha mawe yale kwa mkono. Mzee aliyepima karafuu maisha yake yote alishindwa vilevile.

Mtu asiseme kwamba mchanga ni adui basi uondolewe wote. Chuma safi huyeyuka kwa joto la digrii 1,538, na tanuri ya udongo na makaa haifiki huko. Lakini yale mavi ya chuma huyeyuka kwenye digrii 1,200 hivi, yakatiririka chini, yakachukua na uchafu mwingine, chuma kikabaki donge gumu lenye matundu. Bila mchanga kidogo hapana kitu cha kutiririka. Viwanda vikubwa vya leo huumpa mchanga chakula kingine badala ya chuma, nacho ni chokaa. Gramu 60 za mchanga zatosheka na chokaa iliyotoka katika gramu 100 za jiwe la chokaa, kama haya matumbawe yetu, chuma kikasalimika. Ila mavi ya namna hiyo yataka moto mkali zaidi, na ilungu haikuwa nao. Kwa moto waliokuwa nao, kutoa sehemu ya chuma ili kupata iliyobaki ilikuwa ndiyo njia, na sidhani kama mimi na shahada yangu ningewashauri vingine.

Neno moja la tahadhari kwa atakayejaribu. Hesabu ile ya bakuli yafaa kwa jiwe zito lisilo na matundu. Mengi ya mitapo ni limoniti, jiwe la rangi ya kutu, unga wake ni wa manjano ya kahawia, lina matundu na lina maji yaliyofungamana ndani. Hilo usilipime kwa bakuli, litakudanganya, lichome kwanza. Tukilichukulia kuwa ni FeO(OH), gramu 178 zake zikichomwa hutoka maji gramu 18, zikabaki gramu 160 za hematiti, na unga wake hugeuka mwekundu. Limepoteza sehemu moja katika kumi. Karafuu mbichi ikianikwa hupoteza kama theluthi mbili, basi mwanachama asione ajabu jiwe nalo kuanikwa.

Mzee aliondoka kwangu usiku ule amechukua mizani yangu, bakuli na kigae. Asubuhi alivipanga barazani kwake akamngoja mgeni. Mgeni alipoona vyombo vile alisema amesahau simu yake alikolala, akaenda kuifuata. Nusu ya kwanza ya fedha haijarudi mpaka leo. Mawe mekundu mzee anayo bado. Huyawekea majamvi yake pembeni siku za upepo, na asema ni mazuri kwa kazi hiyo kuliko matumbawe, kwa vile moja dogo latosha.

Kwa watoto: jiwe la tatu katika mfuko ule lilikuwa na gramu 240, na lilisukuma maji gramu 50 kama wenzake. Tafuteni hematiti yake, mchanga wake, chuma kilichomo, chuma kitakacholiwa na mchanga, na kitakachobaki. Msitazame mbele kabla ya kujaribu. Mkipata hematiti gramu 220, mchanga gramu 20, na chuma kilichobaki kama gramu 117, mmefanya sawa.